Kiti Namba Sifuri

Jumatatu, 3 Machi

Mimi ni wa kumi na moja! Na tuko kumi na mmoja!

Habari yenyewe hii. Kikundi chetu cha mafundi cherehani kinawekwa mtandaoni. Ukurasa mmoja, majina yetu yote, namba ya simu kando ya kila jina. Mwenyekiti kasema mteja ana kidole kivivu: akimwona wa kwanza, anampigia wa kwanza. Wa chini abaki kushona soksi zake.

Anayeutengeneza ni mjukuu wangu. Cheti kimetundikwa ukutani mwaka wa pili huu, kazi hana. Jumamosi atauonyesha mbele ya wote. Ukipendeza, Mwenyekiti atampa kazi ya kudumu, kurasa za vikundi vyote: maseremala, wasusi, mafundi viatu. Usipopendeza, cheti kiendelee kula vumbi.

Asubuhi nimemwombea dua. Mchana nikauona ukurasa. Wa kwanza ni nani? Bi Zipu! Yule aliyejua kupima kiuno juzi juzi! Nikamuuliza mjukuu kulikoni. Kasema amefuata walivyojiandikisha, na Bi Zipu alifika alfajiri. Na mimi nilichelewa kwa ajili ya nani? Yake yeye, aliyekuwa anataka kutoka bila kunywa chai! Nikamwambia anihamishe juu. Kakataa. Eti haki. Haki hiyo nilimfundisha mimi, leo imenigeukia.

Basi. Nitajifunza. Kusoma nilijua nikiwa na miaka sitini na moja, kwa madaftari yake ya zamani, mwalimu ni yeye mwenyewe na kamasi zake puani. Sishindwi na mashine isiyo na hata sindano.

Jumanne, 4 Machi

Somo la kwanza. Lugha ya kuiamrisha mashine inaitwa Javaskripti. Maneno yake ya kigeni, lakini nayaiga kama ninavyoiga ua la darizi. Ua halikuulizi kama unalijua jina.

Majina yetu yamekaa ndani ya kitu kinachoitwa safu. Nimeelewa upesi. Ni ule ubao wangu wa misumari ninakotundika nyuzi: kila msumari na uzi wake, kila msumari na namba yake.

Mjukuu akatoka kupokea simu. Nikaona mlango uko wazi. Nikaandika: msumari namba moja, Bibi Pindo. Ndilo jina langu kikundini. Pindo langu halijawahi kufumuka, muulize umtakaye.

Nikafungua ukurasa. Wa kwanza, Bi Zipu. Wa pili, mimi. Wa kumi na moja, mimi tena! Na Mama Pacha hayupo. Mama wa watoto wanne, nimemfuta kama chaki ubaoni!

Mjukuu karudi, kashika kiuno, kamrudisha Mama Pacha mahali pake. Eti mashine inaanza kuhesabu na sifuri. Msumari wa kwanza ni sifuri, wa pili ndio moja. Na ukiweka jina mahali penye jina, la zamani linapotea. Nikamuuliza ni nani aliyelelewa vizuri akaanza kuhesabu na sifuri. Kifungua mimba utamwita mtoto wa sifuri? Kacheka, ila macho hayakucheka. Kasema, Bibi, utanikosesha kazi hii.

Neno limenichoma. Sitamkosesha. Kazi ataipata, na mimi nitakaa kwenye sifuri. Vyote viwili.

Jumatano, 5 Machi

Leo nimekuja na mbinu ya haki! Nimemwendea mjukuu kwa upole, nikamshauri majina yapangwe kwa alfabeti ili watu wasinung'unike. Kasema wazo zuri sana, kanibusu shavu. Hakujua kwamba nilishapiga hesabu. Kwa A hakuna mtu. Kwa B tuko wawili tu, mimi na Bi Zipu. Na Zipu iko mwisho wa dunia, Pindo iko njiani.

Kaandika amri ya kupanga, neno moja tu. Wa kwanza, Bi Zipu!

Nikasema mashine imehongwa. Mjukuu kanieleza taratibu: yeye baada ya Bi kuna nafasi, mimi baada ya Bi kuna Bi nyingine, na kwa mashine nafasi inazitangulia herufi zote. Yaani nimepitwa na pengo! Kitu kisichokuwepo kimenishinda mimi, miaka arobaini na sita kwenye cherehani!

Kutoka wa kumi na moja mpaka wa pili, mwenye akili angeshukuru. Mimi nimekula chakula cha jioni nikiwa nimeipa mashine mgongo.

Alhamisi, 6 Machi

Mjukuu kaniona nilivyonuna, kanihurumia. Kasema kama roho yangu inataka kuchezea safu, nitengeneze nakala, nichezee hiyo nakala, ile ya kweli niiache. Kanichorea mstari kwenye faili: chini ya hapo niandike nipendavyo. Kisha kaenda kutafuta viatu vya Jumamosi.

Nakala nimeitengeneza mwenyewe. Rahisi! Nimeandika nakala, alama ya sawasawa, mafundi, ndilo jina la ile safu. Mashine ikakubali bila kelele.

Hapo nikajipa raha. Kuna amri ya kumchomoa wa mbele. Bi Zipu, toka! Kuna amri ya kumsukumia mtu mwisho. Bi Zipu, kaa huko! Sifuri nikawa mimi. Nikakaa nikilitazama jina langu kama mtu anayetazama picha ya harusi yake.

Na kwa kuwa ni nakala, na hakuna wa kuiona, kila mmoja nikamwongezea neno lake la kweli. Mama Pacha: mguu mmoja wa suruali uko mbele, wa pili unamfuata. Fundi Mapazia: gauni lake litundike dirishani. Mwenyekiti: uongozi anao, vipimo hana. Bi Zipu: anashona kama anafukuzwa na mbwa. Bibi Pindo: malkia.

Wengine sita nao nimewagawia, sikubagua mtu. Mashine ikaniuliza kama ihifadhi. Nikasema ihifadhi. Mimi hata kipande cha kitambaa situpi.

Ijumaa, 7 Machi

Bi Zipu kasikia kwa mjukuu habari ya alfabeti, kanitania karakanani, mbele ya watu. Eti shikamoo Bibi wa pili, usihuzunike, hata mkia ni sehemu ya ng'ombe. Nikaitikia marahaba na kutabasamu. Mimi nilijua nimemkalisha wapi.

Ila anakohoa, na kikohozi chenyewe cha kifuani. Nimemchemshia tangawizi, nikamsimamia mpaka kikombe kikaisha. Kalalamika inawasha. Nikamwambia anywe anyamaze, mimi sitaki kushindana na marehemu.

Mjukuu hakuufungua ukurasa leo. Anasema jana asubuhi ulikuwa sawa, akizidi kuupapasa atauharibu. Blauzi moja kaipiga pasi mara tatu. Nimemnyang'anya pasi, nikaizima.

Jumamosi, 8 Machi

Aibu! Aibu yenye projekta!

Ukumbi umejaa. Mjukuu kasimama mbele na viatu vipya, kabonyeza, ukurasa ukajaa ukuta mzima. Nakiri kilichonijia kwanza: mimi ndiye wa kwanza! Kisha nikasoma kilichofuata jina langu. Malkia.

Mwenyekiti kavaa miwani. Kasoma la kwake kwa sauti, kavua miwani, kaifuta, kasoma tena. Fundi Mapazia kauliza ni dirisha gani hilo. Mjukuu kabonyeza tena na tena, ukurasa haukubadilika. Mwenyekiti kasema basi, inatosha, kazi ya vikundi vyote hawezi kumpa mtu ambaye ukurasa wake unatukana watu wazima. Akaanza kukusanya karatasi zake.

Nikasimama. Nikawaambia mkono ni wangu, binti hana kosa, mimi niliandika kwenye nakala. Mjukuu kafungua faili, kaufikia mstari wangu, kafumba macho. Kisha kaeleza mbele ya wote. Haikuwa nakala. Nilikuwa nimeipa safu ile ile jina la pili, basi. Kasema, Bibi, hapa wewe ni Bibi Pindo, kwa mama yangu wewe ni Mama. Bibi Pindo akikatwa kidole, Mama atabaki na vidole kumi?

Hata cherehani ingeelewa. Nikakaa.

Mwenyekiti hakukaa. Aliyetuokoa ni nani? Bi Zipu! Kacheka mpaka kikohozi kikamshika. Kasema yote yaliyoandikwa ni kweli tupu, isipokuwa la kwake, na malkia ameficha ile siku aliyoshona shati la bwana harusi akasahau tundu la kichwa. Ukumbi ukapasuka! (Tundu lilikuwepo. Lilikuwa dogo.) Mama Pacha kainua mguu, kaonyesha suruali yake mwenyewe. Wakawa wanasomeana maneno yangu na kupigana vikumbo.

Mwenyekiti alikuwa wa mwisho kucheka, lakini alicheka. Kisha kamgeukia mjukuu, kamuuliza kama anaweza kutengeneza hapo hapo. Kakunja mikono ya blauzi! Kafuta mistari yangu yote. Halafu kwa hiari yake kaongeza jambo: ukurasa utatazama tarehe, kila siku mmoja atakaa juu, kesho yake anakwenda mwisho, anayefuata anapanda. Kwa zamu, wote kumi na mmoja. Watu wakapiga makofi. Mwenyekiti kasema kazi ni yake, aanze Jumatatu, kwa sharti moja: bibi yake asiguse kibodi.

Nimeapa mbele ya ukumbi. Njiani tumelia wote wawili, yeye kwa furaha, mimi kwa furaha na kidogo kwa lile neno la tundu la kichwa.

Jumanne, 11 Machi

Zamu yangu ni tarehe kumi na saba. Siku sita nzima! Leo juu yuko Fundi Mapazia, jirani yangu wa ukuta kwa ukuta, na simu yake haijapumzika tangu asubuhi.

Mjukuu yuko kazini. Kazini! Ana meza, ana kiti kinachozunguka. Huku nyumbani kaniachia mashine ya zamani nisikilizie redio.

Nilikaa, nikafikiri. Ukurasa unatazama tarehe. Tarehe iko pale pale, kwenye kona ya mashine. Kibodi sikugusa, kiapo ni kiapo. Nimetumia kipanya. Nimebonyeza hapa, nimebonyeza pale, kwenye mashine yangu leo ikawa tarehe kumi na saba. Nikafungua ukurasa.

Sifuri! Mimi! Juu kabisa!

Na safari hii sikuchezea safu ya mtu. Nimesogeza siku tu, na siku haina mwenyewe.

Tangu saa nne niko kando ya simu, utepe wa kupimia shingoni, kalamu sikioni. Bado haijalia. Kwa Fundi Mapazia inalia mpaka inakera. Hao bila shaka ni wateja wa tarehe kumi na moja, wazito, habari haijawafikia. Nitawasubiri. Kesho nikiamka nitairudisha tena kumi na saba, na keshokutwa vilevile, mpaka dunia nzima inifikie.