Chumba ya Félicité na Mukeka Yangu

Jumapili, 1 septemba 1963
Charlotte alikufa juzi. Homa. Jana tukamuzika. Sina na bibi tena.

Watu wamejaa mu kiwanja. Wanalala inje, chini, kama desturi ya kilio. Hakuna kufagia mpaka matanga iishe. Kapita wetu, mukubwa wa kazi ku bandari ya Kalundu, amenipa wiki moja. Ati gunia hazina na huruma, jumatatu ingine anataka kuona mabega yangu.

Shemeji Agathe, mudogo yake Charlotte, ametoka Usumbura. Alilia vizuri. Kisha akachukua sufuria za dada yake, juu ni haki yake. Kisha akasema mbele ya wote: Félicité ataenda kusoma ukunga kwa masista kule Usumbura, atalala kwangu Buyenzi, neno imeisha. Yeye na Charlotte walipanga zamani. Nani aliniuliza minye? Hakuna!

Nikauliza kwake kuko nafasi ya watu wangapi. Akasema mumoja. Mutoto.

Nikasema chumba nitatafuta mwenyewe, minye ni baba. Watu wakasema loo, huyu anapenda mutoto wake. Kweli napenda. Lakini natafuta chumba yenye kuingia mikeka mbili. Félicité ni mutoto mumoja tu tulipata. Akitoka, hapa nabaki na nani? Na kuta?

Jumatatu, 2 septemba
Onesphore, kaka yao Charlotte na Agathe, amefika toka Lubarika. Anasema kule ku bonde vijana wanaongea chini chini, na askari wanapita-pita. Ati tulipata uhuru, sasa tutapigana wenyewe kwa wenyewe. Ati mupeleke mutoto ngambo mbio, siku ingine hii bariyeri ya mupaka itafunga na hatutajua itafunguka lini. Alisema hivi akikunywa uji yangu, kikombe juu ya kikombe.

Haraka iko basi. Kesho tunavuka, minye na Félicité. Usumbura kuko bandari pia. Gunia ni gunia. Nikipata pa kulala, nitabeba za kule.

Jumanne, 3 septemba
Zamani muto Ruzizi ulikuwa unavuka unasalimia tu. Sasa ni inchi ingine, bendera ingine. Askari akaniuliza naenda kufanya nini. Nikasema kusoma. Akaangalia kichwa yangu ya kunyolewa, akaangalia mikono yangu. Akaita wenzake waje kuona mwanafunzi.

Tukafika kwa bwana Nkeshimana, Buyenzi. Chumba nzuri! Dirisha, kitanda, kifunguo. Félicité akasema papa, hii. Nikapima chini na miguu. Nikauliza minye nalala wapi. Nkeshimana akauliza anayesoma ni nani. Nikasema mutoto, lakini minye ndiye baba ya mwanafunzi. Akasema, mzee, weye utazalisha nani? Bibi yake akacheka kule jikoni mpaka kifuniko ikaanguka.

Nikasema ukuta iko na maji. Ukuta ilikuwa kavu kama biskuti. Tukatoka. Félicité akatembea mbele yangu njia yote.

Jumatano, 4 septemba
Tumerudi ngambo. Kuko mujane anaitwa mama Nshimirimana, nyumba kubwa, anapokea wasichana wa masomo tu. Mwanaume haingie. Ati hata padri anasimama ku mulango.

Lakini pale mulangoni niliona kibanda ya zamu. Haina muntu! Nikasema mama, minye ni zamu, kulinda nyumba ni kazi yangu tangu ujana. Nilimukataza Félicité asiseme niko baba yake. Akasema shikamoo mama, huyu ni papa yangu. Mutoto wa masista, hajui kudanganya!

Mama Nshimirimana akasema sawa, anijaribu mchana huu. Nikaingia mu kibanda. Ndani kuko baridi nzuri. Toka kifo sijalala sawa. Nikafunga macho kidogo, nisikie vizuri wezi.

Mbuzi yake ikatoka. Ikaingia kwa jirani, ikakula nguo ya kwaya. Mama Nshimirimana aliniamsha na fagio. Akasema zamu ya namna hii, wezi watamuiba yeye mwenyewe na kibanda yake. Lakini mutoto, akasema, mutoto anaweza kubaki.

Nikasema hapana! Muntu anapiga baba na fagio, atamulea mutoto namna gani?

Félicité alilia. Nikamuambia usilie, fagio haikuniumiza. Akalia zaidi.

Alhamisi, 5 septemba
Matanga imeondolewa. Walikunywa, wakafagia, wakaenda. Agathe naye amerudia kwake, Onesphore amemusindikiza. Mbele ya kuondoka Agathe aliniambia: mpaka jumapili. Ukikosa, nakuja kuchukua mutoto.

Kiwanja imebaki safi. Safi mubaya. Wiki nzima nilikuwa naruka miguu ya watu nikienda kukojoa. Leo nimeruka, hakukuwa mguu.

Nikafikiri. Agathe iko na saluni, chumba ya kupokea wageni. Mu saluni kuko mashini yake ya kushona. Mashini ukiisukuma ku ukuta, mukeka inaingia. Anachokosa Agathe ni kulainishwa. Nimeenda kuchukua mutungi ya kasiksi, ile ya ndizi zilizoiva sawasawa. Muntu hakatai muntu mwenye kuleta pombe. Félicité akauliza hii ni ya nini. Nikasema ni ya heshima.

Ijumaa, 6 septemba
Siku mubaya. Naandika tu.

Nilivaa koti. Koti niko nayo moja, ile ya ndoa. Mutungi ku kichwa, kuku ku mukono. Askari wa bariyeri akaniambia hongera. Sikuelewa. Nikamuambia asante.

Kwa Agathe nikakuta Onesphore, na jirani mumoja, Célestine, alikuja kushonewa kikwembe. Nikaweka mutungi katikati. Nikasema maneno nilipanga njiani: shemeji, nyumba yangu imekuwa baridi, naomba nafasi kwako.

Kisha Célestine akapiga vigelegele! Onesphore akafungua mutungi, akakunywa, akafuta mudomo, akasema familia imesikia.

Kumbe! Kwetu bibi akikufa, mujane akileta pombe kwa mudogo wa marehemu, anaomba wamurudishie bibi. Desturi hii naijua. Hii pombe nimekunywa kwa watu mara nyingi. Sikuwaza siku moja mwenye mutungi atakuwa minye.

Agathe akasimama. Ati udongo ya dada yangu haijakauka, weye unavaa koti! Ati yeye heri aolewe na mashini, hiyo ikichoka inanyamaza. Onesphore akasema pombe imeisha kunywewa, hairudi mu mutungi. Agathe akamuambia basi uolewe weye, ndiwe umekunywa! Célestine akasema lakini mwanaume huyu iko na mabega.

Nikasema munisikie, minye nilitaka kulala tu, pale kando ya mashini.

Hapo ikawa mubaya zaidi.

Kuku yangu ilinipata ku kifua. Agathe akasema nisikanyage kwake tena. Nikitaka kuona mutoto, nisimame ku barabara, niite, kama muuza makala.

Jumamosi, 7 septemba
Tulikula ile kuku.

Habari ilivuka Ruzizi mbele yangu. Ku kisima wanawake waliniuliza harusi lini.

Félicité alifua koti, akaianika, akakaa karibu yangu. Akauliza: papa, unanitafutia minye nyumba, ao unajitafutia weye? Nikasema weye. Akasema basi kwa Nkeshimana mulikosa nini? Nikasema ukuta ilikuwa na maji. Akasema: papa. Ile tu. Charlotte alikuwa anasema jina yangu vile vile, akijua nadanganya.

Nikatazama chini. Nikasema nenda kwa mama yako mudogo. Iko na mudomo mubaya lakini anapika.

Akasema atakuja Noeli, kama bariyeri itakuwa wazi. Nikamuambia itakuwa wazi, usiogope. Minye najua nini ya bariyeri? Lakini ni baba anapashwa kusema.

Akaniuliza nitakula nini. Nikasema chakula.

Jumapili, 8 septemba
Agathe alikuja. Hakuingia. Alisimama ku barabara, akaita. Félicité akatoka na sanduku yake. Agathe akamushika mukono, kisha akaniangalia, akasema, baba Félicité, ukonde umekukamata, kula. Akageuka. Nilikuwa nimepanga matusi tu.

Niliwafuata mpaka bariyeri. Askari akauliza, mwanafunzi, leo husomi? Nikasema leo hapana. Félicité aligeuka mara moja. Kisha wakawa watu wengi pale, sikujua tena mugongo yake ni gani.

Nilirudi nikapika bugali. Ikawa nyingi. Mukono haijajua bado.

Bata za jirani Damien ziliingia mu nyumba. Sikuzifukuza. Damien akaja kuzichukua, nikamuambia akae, bugali iko. Akala amesimama, juu bibi yake anamungoja.

Hapo nikapata akili. Félicité anasoma ku hospitali. Hospitali iko na vitanda! Mugonjwa anapewa kitanda, anapewa supu, hakuna muntu anamuuliza kama anasoma. Mwezi ya kumi nitaugua kiuno.

Damien akasema ile ni nyumba ya kuzalia, mwanaume halali pale. Nikasema watanifanyia nafasi. Nitamupelekea sista mukubwa kikapu ya ndagala, samaki ndogo kavu, nitasema naye polepole. Damien akauliza: weye utapeleka zawadi kwa sista, kisha umuombe pa kulala? Nikasema ndiyo, kwa heshima. Damien akashika kichwa. Akachukua bata zake, akaenda.

Hana akili ya mipango, yule. Lakini bata moja alisahau. Iko hapa chini ya meza, inaniangalia.

Kesho narudia kazi.