Ada ya Kumkomesha Duane

Jumatatu, 3 Machi

Wiki ya tatu ya ndoa! Emmett wangu amevuka daraja la mpakani kwenda Omaha, kuwauzia wakulima wa jimbo jirani la Nebraska bima ya mvua ya mawe. Nimempungia mkono mpaka gari likapotea. Nikalia kidogo. Na huku kwetu Iowa, nani anaranda? Duane Kubicek! Wakala wa kampuni kubwa ya bima ya Omaha. Jana baada ya ibada, kikombe mkononi, akamwambia mume wangu, "Bado upo, kaka? Nilidhani umeshafunga virago." Emmett akacheka tu. Malaika! Lakini bosi wake amemwonya: mauzo yasipopanda, kazi hana. Na bila kazi, kwaheri nyumba yetu ya njano. Duane lazima akomeshwe.

Jumamosi, 8 Machi

Nimempelekea mjomba Orville pai ya cheri. Ni mbunge katika bunge la jimbo letu la Iowa. Nikamwomba sheria: kampuni ya jimbo lingine ikitaka kuuza bima Iowa, ilipie ada nene kila wakala. Akaniuliza, "Na wenzetu wakijibu, binti yangu?" Wajibu wanavyotaka! Akakata kipande cha tatu. Amekubali.

Jumanne, 8 Aprili

Sheria imepita! Nimecheza na ufagio jikoni. Emmett hajui. Itakuwa zawadi yangu kwake.

Jumatano, 16 Aprili

Mvua tangu alfajiri. Emmett amerudi mchana, viatu vimelowa. Kumbe Nebraska wana sheria ya kisasi: ukiwatoza watu wao, nao wanakutoza vilevile. Sasa kila wakala wa Iowa anayeuza huko anadaiwa ada ileile. Kampuni yake ndogo imeshindwa, imemwachisha kazi. Wateja wake wote wako ng'ambo ya daraja! Kila asubuhi nilimpungia mkono akienda huko, na sikuwaza.

Na Duane? Kampuni yake imelipa bila kukohoa. Kapita nyumbani akipiga honi.

Emmett akasema angependa kumjua mpumbavu aliyeomba ada hii. Nikamkumbatia kwa nguvu.

Jumatatu, 2 Juni

Nyumba ya njano tumeiacha. Tumehamia Omaha, chumba kimoja juu ya duka la dobi. Ukuta unatoka jasho. Emmett amepata kazi: kampuni ya Duane! Duane ndiye bosi wake, anamwita "dogo" mbele za watu. Kila asubuhi mpenzi wangu anavuka daraja kwenda kuuza bima Iowa. Amekonda. Hacheki tena. Nampungia mkono dirishani, hageuki.

Lakini leo nimegundua kitu! Mawakala wa Iowa bado wanavuka kuja kutubana hapa Nebraska! Ada haijawazuia. Mama mwenye duka la dobi ana binamu mbunge wa huku, na anapenda vitamu. Cheri nimeshanunua. Safari hii nitaomba ada iongezwe mara mbili.

Emmett simwambii. Itakuwa zawadi.