Usingizi Juu ya Gunia la Unga

Jamani, leo nimejianika mchana peupe, mbele ya watu wazima!

Mimi hupakia magunia kwenye kinu cha unga hapa Nakuru. Juzi mwenzetu mmoja aliumia mgongo, kwa hivyo leo msimamizi, Mzee Kiprono, akaniita. "Wewe hujawahi kulia mgongo. Onyesha wenzako vile mzigo hubebwa. Ukifanya vizuri, utakuwa kiongozi wa zamu."

Kiongozi wa zamu! Na Chebet wa mizani alikuwa amesimama hapo hapo. (Nimempenda kimya kimya tangu aje kazini. Yeye hakuwa akijua.)

Tulikuwa tumetoka kushiba githeri. Nje mvua ilinyesha taratibu, mlima wa Menengai umejifunika ukungu. Ndani, vumbi la unga lilielea kwenye mwanga wa dirisha, polepole, bila haraka ya kutua. Nikachagua gunia lililokuwa limetoka tu kwenye mashine. Bado lilikuwa na joto.

"Panua miguu kidogo," nikaanza. "Chuchumaa, usiiname. Mgongo wima. Mzigo ukumbatie karibu na kifua. Halafu tulia, uvute pumzi."

Nikakumbatia. Nikatulia. Nikavuta pumzi. (Laiti ningeinuka tu wakati huo!)

Mvua ikanibembeleza kwenye mabati. Shavu likalala juu ya gunia. Mara niko kileleni mwa Longonot, nimembeba Chebet, mawingu yanapita chini yetu, naye ni mwepesi kama pamba.

"Amezirai?" mtu akauliza kwa mbali.

"Wapi! Anakoroma."

Hapo, nimeambiwa, nikalipapasa lile gunia na kusema kwa sauti: "Chebet, usiogope, sitakuangusha."

Kicheko kikaniamsha. Nikaruka! Miguu ilikuwa imekufa ganzi, nikaanguka kifudifudi, gunia likapasuka. Nikainuka mweupe mpaka kope.

Mzee Kiprono akakuna kidevu. "Mgongo ulikuwa wima, sikatai. Lakini hicho cheo kitangoja."

Chebet akanisogelea na leso. Nikaomba ardhi inimeze.

"Hilo gunia ni kilo hamsini," akasema. "Mimi nimelizidi. Utaniweza?"

Nikakohoa. (Mdomo ulijaa unga.)

"Basi kesho saa nne tunywe chai, uniambie vizuri."

Tafadhali, msicheke. Nisaidieni tu: mtu humwambia nini msichana akiwa macho?