Moyo wa Burulcha, Kifua Changu

Jumatatu, 8 Julai

Mvua. Ukungu umeshuka hadi mlangoni mwa hema. Jirani yetu Kasymaly amepewa kichwa cha kondoo tena.

Naandika polepole nisivunje kalamu. Kichwa cha kondoo ni cha mgeni mkubwa kuliko wote, na Kasymaly ni mdogo kwangu! Nilikuwa napanda farasi yeye bado ananyonya. Lakini tangu arudi kutoka hospitali ya Bishkek na ile betri ya moyo kifuani, malisho yote yanamnyenyekea. Anakalishwa mkabala na mlango, penye matandiko ya heshima. Watoto wanatega sikio kifuani pake. Nilimuuliza kwa upole kama nyama ya mafuta haitaiharibu betri. Akasema nisijisumbue, wenye moyo wa punda hawahitaji betri. Watu wakacheka. Mke wangu Burulcha naye akacheka, kisha akashika nguzo, akasema anasikia kizunguzungu.

Mimi siumwi chochote. Hata mafua! Nimeonewa.

Jumatano, 10 Julai

Burulcha ameanguka akikamua farasi jike. Si mara ya kwanza msimu huu. Mungu mkubwa, farasi alisimama kimya asimkanyage. Alipozinduka aliuliza kama maziwa yamemwagika. Yamemwagika.

Bahati nzuri gari la madaktari limepanda leo. Daktari Aizada, binti mwembamba mwenye buti kubwa, amembandika vibandiko vyenye nyaya kifuani na kumfunga kisanduku kiunoni. Kitaandika kila pigo la moyo mpaka Ijumaa. Alieleza kwamba kuna moyo unaosahau kupiga, mara mojamoja tu, na ukipimwa kwa haraka unajifanya mzima. Lazima uviziwe kama mbwa mwitu.

Kisanduku kina taa ya kijani. Nikaomba nami nipewe changu. Daktari akanisikiliza kifua, akacheka, akasema, mzee, wewe utatuzika sote. Matusi gani haya!

Alhamisi, 11 Julai

Mpango! Jana, gari lilipoteremka tu, Burulcha alianza kulalamika: vibandiko vinawasha, waya unanasa kwenye ndoo. Nikamwambia nitamsaidia kubeba. Akauliza kubeba nini. Nikasema moyo, mume na mke moyo wao ni mmoja. Akasema kama ni mmoja basi ni huu wake unaofanya kazi zote, si ajabu umechoka. Lakini farasi walikuwa wanamngoja. Akavua, akanipa.

Vibandiko havikushika kwenye nywele za kifua. Nikachukua mkasi wa kunyolea kondoo. Damu kidogo. Sasa taa ya kijani inawaka juu yangu. Mashine ina akili, itaona ugonjwa wa Burulcha na wangu pia, madaktari watatugawia wenyewe. Nimekunywa chai nzito, nimemkimbiza farasi hadi kilimani na kupiga makelele huko, ili kuusaidia moyo kuonyesha kasoro zake.

Ijumaa, 12 Julai

Asubuhi nilimrudishia Burulcha mashine yake. Daktari amekuja, ameisoma kwenye kompyuta ndani ya gari. Amesema hajaona moyo safi kama huu tangu aanze kazi. Moyo wa farasi wa mashindano! Nikanyoosha ndevu. Kisha akamgeukia Burulcha, akampa mkono wa pongezi. Huenda ni uchovu tu, akasema. Anywe maji, apumzike. Gari likaenda zake ng'ambo ya mto.

Nilitaka kusema. Mdomo ulikuwa umejaa mkate.

Jumamosi, 13 Julai

Sina hamu ya kuandika. Burulcha ameanguka tena, leo karibu na jiko, na birika limemuunguza mkono. Nilimwinua. Midomo ya buluu. Nilimwita, hakuitika, nikamwita tena. Mama yangu aliondoka hivihivi, ndoo mkononi, mimi nikiwa mvulana. Tukasema ni jicho baya, tukafukiza hema kwa matawi ya mreteni. Siku hizo hapakuwa na gari wala kisanduku. Safari hii kisanduku kilikuja, nikakivaa mimi.

Akazinduka. Akasema daktari ameuona moyo na ni mzima, basi ni uzee huo, tumshukuru Mungu. Sikuweza kumtazama.

Mkwe wetu Nurjamal, mke wa mwanetu, amepanda farasi kumfuata daktari. Mimi hata sikumtuma. Naogopa sana.

Jumapili, 14 Julai

Nimefichuka. Asubuhi Nurjamal, alipokuwa akirudi na daktari, alinikuta nanawa mtoni, kifua kimejaa vipara. Nikasema ni nondo. Daktari akauliza ni nani aliyevaa ile mashine. Kwetu mkwe hatamki jina la baba mkwe, ni mwiko, kwa hiyo Nurjamal akasema ni yule mwenye ndevu. Daktari akamtazama beberu aliyekuwa kando yangu. Beberu akanitazama mimi.

Hakunifokea. Bora angefoka. Alisema, mzee, nilimwacha mgonjwa wangu kwa sababu ya mapigo yako. Akambandika Burulcha upya, akaketi naye yeye mwenyewe kutwa nzima. Alasiri akaniita nione mstari kwenye kompyuta. Vilima, vilima, vilima, halafu uwanda mtupu. Nilibana pumzi mpaka kilima kingine kikatokea. Na Burulcha yuko palepale anamenya vitunguu, anasema kizunguzungu kimempitia kidogo tu.

Lazima Bishkek, haraka. Kasymaly ametoa gari lake kabla hata hajaombwa. Nimemshukuru, na nimemchukia kwa hilo.

Jumatano, 17 Julai. Bishkek

Wameiweka betri. Ni kitu kidogo, kinatosha kiganjani. Kinakaa kimya humo ndani, moyo ukisahau kinaushtua, moyo unaendelea na safari. Ni hicho tu. Mama yangu alikikosa kitu kidogo namna hii!

Nilipokuwa kwenye korido niliahidi mambo mengi. Kuacha wivu. Kuacha mipango. Hata kumsalimia Kasymaly kwanza. Nililia, muuguzi akaniletea chai.

Burulcha alipoamka aliuliza nani anakamua farasi. Mashavu yake yana rangi. Nilikuwa nimeusahau uso huu, nikadhani ule wa kijivu ndio wake.

Jumanne, 23 Julai

Malishoni. Mvua bado. Wamemchinjia Burulcha kondoo, wamemkalisha mkabala na mlango. Kasymaly kakaa kando yake, wanalinganisha makovu. Anamwita dada wa betri! Daktari Aizada naye alialikwa, kila mtu anamwombea maisha marefu. Mimi nilikuwa karibu na mlango napitisha bakuli za chai. Mgeni mmoja akaniuliza, na wewe Toktosun, una nini siku hizi? Nikasema sina kitu. Akanihurumia, akaendelea kula.

Jumatano, 24 Julai

Burulcha haruhusiwi kukamua kwa sasa, kwa hiyo anawakaripia wanaokamua. Sauti inafika mtoni. Nimesimama nje kuisikiliza, machozi yakanitoka. Wallahi sitagusa tena mashine ya mtu, na naandika neno hili hapa liwe ushahidi.

Amepewa pia vidonge vya kumeza kila siku, vimo kwenye chupa karibu na mto wake wa kulalia. Vidogo, rangi ya waridi, vizuri sana. Vya Kasymaly ni vyeupe, nimeviona. Vya waridi hana.

Kidonge si mashine.

Nimemeza viwili. Miguu imelegea, kichwa kinazunguka, hema linaelea. Jamani, pengine hatimaye ni moyo!