Malalamiko Dhidi ya Mshauri wa Fedha Aliyekataa Kuzigusa Fedha Zangu

Kwa Mheshimiwa Mkurugenzi,
Ofisi ya Usajili wa Washauri wa Fedha.

Yah: Ombi la kumfutia usajili mshauri mmoja asiyejua kazi

Natumaini barua hii imekufikia wewe mwenyewe ukiwa salama, haikuishia kwa karani wako wa mapokezi, ambaye kila nikimpigia simu ananiambia niandike. Basi nimeandika.

Mimi ni mkaguzi mstaafu wa mizani. Maisha yangu yote ya kazi nilizunguka masokoni na madukani nikiwa na begi la mawe ya kupimia na koleo la kubania lakiri, na hakuna muuzaji aliyewahi kunifunga macho. Alikuwapo muuza nyama mmoja ambaye mizani yake ilipendwa na mtaa mzima, maana kila mteja alionekana kupewa nyongeza. Watu waliondoka pale wakicheka. Mimi nilipoinua sahani nikakuta sumaku. Nakueleza haya ili ujue unaandikiwa na nani. Mimi siibiwi.

Nimestaafu juzijuzi nikapewa kiinua mgongo. Hizo ndizo fedha pekee nitakazozishika kwa mkupuo mpaka nizikwe. Humo mna mabati ya nyumba yetu, ambayo chumba kimoja kinavuja hadi ndoo zimekuwa sehemu ya samani, na humo mna chakula changu na cha mke wangu hadi mwisho wa safari. Kwa hiyo nikaamua kutafuta mshauri wa fedha anayejitegemea na anayeaminika.

Katika ukoo wetu hatuokoti watu barabarani. Dada yangu mkubwa, ambaye ndiye huwachunguza wachumba wa mabinti wetu wote, aliitwa awachunguze washauri kwa utaratibu uleule: anavyobisha hodi, anavyosalimia, viatu vyake, anavyokula, na watu wake ni akina nani. Ni kweli kwamba ndoa nyingi alizozipitisha zimevunjika, lakini dada anasema hilo ni kosa la waliooana.

Walikuja wawili. Wa kwanza nitamwita Miwani, kwa sababu miwani yake imefungwa waya sikioni. Huyu amesajiliwa na ofisi yako, na aibu ni yako. Wa pili mtaani anaitwa Bingwa. Yeye hajasajiliwa popote, na utaona mwenyewe kwamba hasara ni yenu. Malalamiko yangu ni haya:

1. Viatu. Vya Miwani vimewekwa soli mpya na kisigino kimoja kina kiraka. Dada alivikagua vikiwa mlangoni, akaninong'oneza, "Mdogo wangu, viatu vyenyewe vinamshinda, hela zako ataziweza?" Viatu vya Bingwa viling'aa hata dada akavitumia kuweka sawa kilemba chake.

2. Nilimuuliza Miwani swali ambalo hata mtoto wa darasa la kwanza angelijibu: nikiziwekeza fedha hizi, mwakani zitakuwa ngapi? Akasema, "Sijui, mzee." Mheshimiwa, hajui! Tena akaongeza kwamba hakuna ajuaye, na atakayeniambia anajua nimkimbie. Yaani mtu amekalia madawati miaka nenda miaka rudi, amepata vyeti vya kujaza ukuta, halafu anakuja kunywa chai yangu na kuniambia hajui. Bingwa alipoulizwa hilohilo alijibu kabla sijalimaliza swali: "Mara mbili, baba! Ukivumilia kidogo, mara tatu. Toa wasiwasi." Huyo ndiye msomi.

3. Ujira. Miwani alinitajia gharama yake hata kabla hajakaa vizuri, akasema nitamlipa mimi mwenyewe, nifuate ushauri wake nisiufuate, kwa kuwa hapokei chochote kutoka benki wala kampuni yoyote ya bima. Nilipe maneno? Maneno nyumbani kwetu tunayo ya kutosha. Na hako kajigambo ka kutotumwa na yeyote dada alikamaliza kwa swali moja tu: mtu asiyetumwa, akikuharibia utamshitaki kwa nani? Bingwa kwa upande wake hatozi kitu. Nilipomuuliza basi anakula wapi, alinishika bega, akatazama juu, akasema riziki yake inatoka kwa Mungu. Sikuona adabu kuendelea kumhoji mtu wa imani.

4. Mashahidi. Nilimtaka Miwani anionyeshe watu aliowahi kuwashauri. Akanipa majina yao, na miongoni mwao mna mama mmoja muuza vitambaa aliyegombana naye wakaachana. Akasema, "Huyu usiache kumuuliza, atakwambia ubaya wangu." Katika uchunguzi wake wote dada hajapata kuona mchumba anayemleta mtalaka wake kuja kumtolea ushahidi. Hata hivyo nilimpigia yule mama. Akaniambia Miwani ni mkaidi, alimkataza kununua kiwanja kisicho na hati mpaka wakakosana, naye akakinunua kwa hasira. Nilipomuuliza kiwanja kinaendeleaje, akakata simu. Mashahidi wa Bingwa walikuja naye garini, wakamsifu mmoja baada ya mwingine kwa maneno yaleyale bila kukosea hata neno. Ushirikiano wa namna hiyo siku hizi ni adimu.

5. Kuniuliza maswali. Nilidhani mimi ndiye mchunguzi, kumbe nachunguzwa na Miwani! Nina madeni gani, naumwa nini, nani ananitegemea, nikipoteza nusu nitalala? Nikavumilia. Lakini akamgeukia mke wangu, aliyekaa zake kimya na sinia mapajani, akamuuliza, "Na wewe mama, kwenye fedha hizi unaogopa nini?" Mheshimiwa, tangu nimwoe mwanamke huyu sijamuuliza swali kama hilo, na tumeishi kwa amani. Akasema mpaka chai ikapoa. Akasema kwamba mvua ikianza husimama kwenye kile chumba akilisikiliza paa, na kwamba anaogopa nitatangulia mimi, yeye abaki mzigo kwa watu. Nilikuwa sijui. Niliona haya mbele ya mgeni ndani ya nyumba yangu, na kwa haya hizo nadai fidia.

6. Kukataa kazi. Nilimwambia basi chukua fedha ukazizalishe. Akarudi nyuma kama nimemtolea nyoka! Akasema yeye hashiki fedha za mtu: zitabaki palepale benki zilipo, kwa jina langu na la mke wangu, na hazitatoka bila saini zetu wote wawili. Sasa huyu ni mpishi gani asiyetaka kugusa sufuria? Bingwa alikuwa tayari kuzibeba siku ileile, na mkoba alikuja nao.

7. Kutojiamini. Miwani mwenyewe alinihimiza niulize kwenu kama kweli amesajiliwa, akaniandikia na namba yake ya usajili, akasema yeyote anayetaka fedha zangu nimfanyie vivyo hivyo. Nami kwa kuwa ni mtu wa haki nikamuuliza Bingwa namba yake. Lo! Machozi yalimlengalenga. Akasema tangu azaliwe hajawahi kudhaniwa vibaya na mtu anayemheshimu kama baba. Dada alinikaripia palepale, nikaomba radhi, nikamwongezea chakula.

8. Na hili ndilo lililonileta kwako. Alipokuwa anaondoka, Miwani alituusia tusitie saini jambo lolote siku ileile tuliyoshawishiwa. Tulale nalo kwanza, kila mtu na moyo wake. Matokeo yake mke wangu hataki kutia saini fomu ya Bingwa ya kutoa fedha benki. Nimembembeleza, nimenuna, nimesusa chakula nikaumia mimi. Ananijibu kwa upole, "Sijakataa, mume wangu. Nalala nalo." Wiki ya pili sasa, analala nalo! Mwenzangu dada, ambaye ni mjane na hana wa kulala nalo, amekwisha kumkabidhi Bingwa akiba yake yote aliyoipata kwa kushona cherehani, na sasa anangoja tu izae. Mimi niliyewakamata wajanja wa masoko yote nimebaki nyuma kama mkia.

Kwa sababu hizo naomba, kwa heshima na taadhima:

(a) Miwani afutiwe usajili, na sababu ibandikwe ukutani ili wengine wajifunze.
(b) Itungwe kanuni kwamba mshauri yeyote akiulizwa jambo atoe jibu, na asizungumze na wake za watu mpaka waume wamemaliza.
(c) Bingwa asajiliwe bure, tena apewe kazi ya kuwafundisha hao wenzake.
(d) Ofisi yako imwandikie mke wangu barua ya kumwamuru atie saini. Iwe na muhuri, maana mihuri anaiheshimu kuliko mimi.

Wasalimie wote hapo ofisini, hata yule karani. Dada yangu anakusalimu sana. Mke wangu hakusalimu kwa kuwa hajui kwamba nakuandikia.

Wako katika uzani sahihi,
Mkaguzi Mstaafu wa Mizani

Nyongeza: Barua hii ilichelewa kidogo nikitafuta stempu. Tafadhali ombi (a) liache kwanza. La (b) na la (c) yaache pia, na la (d) nakusihi lisitoke hapo ofisini. Simu ya Bingwa haipatikani. Nilidhani ni mtandao, ila leo nimefika mwenyewe kwenye ofisi yake nikamkuta kinyozi, ambaye ameniambia mimi si wa kwanza kuulizia. Dada yuko sebuleni kwangu tangu asubuhi, hali kitu, ameshika risiti isiyo na muhuri. Dada huyu ndiye aliyenilea. Fedha zangu ziko benki vilevile, kwa kuwa saini ya mke wangu bado imelala. Nimemwambia nilikuwa namjaribu tu. Alinitazama kama nilivyomtazama yule muuza nyama nikiwa nimekwisha kuinua sahani. Kwa hiyo, kama Miwani bado yumo kwenye daftari lenu, mfikishieni ujumbe kwamba anahitajika kwetu Jumatatu, na ujira wake nitalipa. Akifika aanze na dada, amuulize lile swali alilomuuliza mke wangu. Na aje na viatu vyake vilevile. Dada hajavitaja tena. Alichouliza ni kama hawezi kuja kesho.