Mgonjwa Alikuwa Nyumba ya Nyuma

Leo nimeumbuka. Nimeumbuka mchana, juani, mbele ya waliobatizwa na wasiobatizwa.

Kabla sijaeleza, niwataje waliokuwepo, msije mkasema Bibi Eudia anatunga. Nilikuwepo mimi. Alikuwepo Penina, mwenyekiti wa jumuiya yetu hapa Rugu, binti wa marehemu Yustina aliyekuwa jirani yangu upande wa kisimani. Alikuwepo Jovina, mkwe wa marehemu katekista Felisiani, yule mwenye sauti ya kwanza kwenye kwaya. Na Deo, aliyetubeba kwenye pikapu yake ya ndizi. Yeye ni mtoto wa ubatizo wa marehemu mume wangu. Hao ndio mashahidi. Ninyi wengine wa grupu hili someni tu, tena taratibu, maana nimeandika kwa kidole kimoja na kinauma.

Jambo lenyewe ni Koleta.

Vijana hamumjui. Koleta na mimi tulipata kipaimara siku moja, tumesimama mstari mmoja. Kanisa la kigango tulilifagia pamoja tangu lilipokuwa la nyasi. Tumeolewa, tumezaa, tumezika, tuko pamoja. Baadaye mume wake akanunua kibanja Isingiro, wakahamia huko na migomba yao. Nilikuwa nakwenda kumwona, mpaka goti langu lilipokataa safari. Pale kanisani, kwenye benchi letu upande wa wanawake, nafasi yake bado naiwekea khanga. Mtu akitaka kukaa namwambia, "Pana mtu hapo." (Pana mtu gani? Miaka yote hiyo!)

Sasa juzi muuza dagaa akaniletea salamu kutoka Isingiro. Koleta anaumwa, miguu haimbebi. Akasema, "Mwambie Eudia nataka kumwona wakati macho yangu bado yanaona."

Ndugu zangu, sikulala vizuri tena.

Mnajua Kwaresima hii jumuiya inatembelea wagonjwa. Nikamfuata Penina nyumbani kwake. Nikamwomba twende kwa Koleta, hata kama si wa kigango chetu tena. Penina ana moyo wa mama yake. Akakubali hapohapo, akamtafuta Deo. Na padre alikuwa ametuhubiria kwamba mgonjwa hahudumiwi kwa majivuno, anahudumiwa kwa unyenyekevu. Niliitikia kwa kichwa kuliko wote kanisani.

Asubuhi tukapakia. Mkungu wa ndizi, maharage, kuni, mafuta ya kuchulia miguu. Mimi nikabeba kahawa ya kutafuna, ile tunayoichemsha na kuikausha, nimeifunga kwenye jani la mgomba. Hiyo ni ya Koleta peke yake. Koleta alikuwa hawezi kupita nyumbani kwangu bila kutafuna punje mbili.

Njiani Penina akasema, "Bibi, nimpigie mkwe wake simu, atuelekeze?"

Nikamjibu, "Unapigia simu mlango unaoujua? Pale kwa Koleta nafika nimefumba macho!"

(Afadhali ningefumba kweli. Ningegonga mti nikarudi nyumbani na heshima yangu.)

Tukafika. Mparachichi uleule, pale kando ya barabara. Jiwe lilelile la kuanikia vyombo. Nikamwambia Deo simama, ndipo hapa. Nyumba ilikuwa mpya, ya matofali na bati jekundu. Nikasema moyoni, mwanawe amefanya vizuri, amemjengea mama.

Nikapiga hodi. "Tumsifu Yesu Kristo!"

Ndani mtu akakohoa. Kisha sauti imekwama, "Karibuni."

Jovina akaninong'oneza, "Hajaitikia 'Milele amina'."

"Mgonjwa huyo," nikamwambia. "Unataka akuitikie kwa noti?"

Tukaingia tunaimba. Palikuwa na giza kidogo, madirisha yana mapazia. Na macho yangu mnayajua, yana ukungu. Mkekani amelala mama mzee, khanga imemfunika mpaka masikioni. Akataka kuinuka. Nikamsukuma bega polepole, nikamlaza.

"Dada," akasema, "mimi—"

"Usijichoshe. Tumekuja sisi. Wewe lala tu."

Nikagawa kazi. Jovina akafagia uwanja na kuchota maji. Deo akapasua kuni. Penina akapiga magoti, akachua ile miguu kwa mafuta, vidole kimoja kimoja. Yule mama akawa anatuangalia huku na huku kama mtu aliyeamka akakuta arusi nyumbani kwake.

Penina akanivuta gauni. "Bibi, angalia ukutani."

Nikaangalia. Picha kubwa ya fremu, ina dhahabu. Nikajua ni Bikira Maria. Nikamwambia, "Nimeiona, nzuri sana. Chua miguu."

"Bibi, lakini ile si—"

"Penina! Huduma haina maswali."

Halafu nikakaa chini mkekani. Goti likalia, nikaliacha lilie. Nikaishika mikono ya yule mama. Nilikuwa nimeyabeba maneno yangu tangu Rugu. Niseme ukweli, tangu miaka mingi. Nikaanza.

Nikasema, "Koleta, mwenzangu. Tangu uondoke sina wa kucheka naye kanisani. Adventina ametangulia. Yustina ametangulia. Paskazia ametangulia, na alikuwa mdogo kwetu. Walionijua nikiwa msichana wamekwisha, umebaki wewe. Ukienda na wewe, mimi nitakuwa bibi tu. Hapatakuwa na mtu duniani anayejua kwamba Eudia aliwahi kuruka mto, viatu mkononi, akiwahi misa."

Nikalia. Yule mama naye akalia. Machozi yake hasa, yanatiririka. Jovina akalia na ufagio wake mlangoni. Nikafungua jani, nikampa punje mbili za kahawa. Akazitafuna huku analia.

Tukaanza kusali. Katikati ya sala tukasikia mtu anaita huko nyuma ya nyumba. "Nyie! Nyie jamani!" Sauti nyembamba, ya kizee. Tukaongeza sauti. Na yeye akaongeza. Mimi hasira zikanipanda, nikamwambia Jovina:

"Hebu funga mlango huo wa nyuma! Kuna mtu hana adabu, anatusumbulia mgonjwa."

Jovina akafunga. Kwa komeo.

(Lishikeni hilo la komeo. Mimi natamani kulisahau.)

Tukamaliza. Nikasema, "Sasa Koleta, tufanye ishara ya msalaba pamoja." Hakuinua mkono. Nikafikiri mkono umekufa ganzi. Nikaushika kwa upendo nimsaidie kuupeleka kwenye paji la uso.

Hapo akakaa kitako. Akaufunika mkono wangu kwa mkono wake mwingine, polepole, kama unavyomshika kuku asipige kelele.

"Dada yangu," akasema, "Mungu akuzidishie. Lakini mimi ni Zuwena. Mama yake Hamisi wa duka. Mimi Mwislamu, dada. Na sina ugonjwa, nina mafua tu."

Nilisikia Deo nje ameacha kupasua kuni.

Penina akasema, taratibu, bila kunitazama, "Ile ya ukutani ni maandishi ya Kiarabu, Bibi. Ndiyo nilitaka kukuonyesha."

Nikamgeukia Bi Zuwena. Nilikuwa na aibu, lakini mdomo wangu hata hapo haukunyenyekea. "Kwa nini hukusema?"

"Nimesema mara ngapi! Kila nikifungua mdomo unaniambia nisijichoshe. Halafu ukaanza kulia." Akajifuta pua na khanga. "Ulilia vizuri, dada. Nikasema, ngoja amalize, nimkate vipi mtu hapo? Na hii miguu, tangu marehemu mama yangu afariki Tanga hakuna aliyeichua hivi."

Penina akaangalia mikono yake iliyojaa mafuta. Akaanza kucheka. Jovina akacheka mpaka akakaa chini na ufagio. Bi Zuwena akacheka, akakohoa, akacheka tena. Mimi sikucheka. Nilikuwa nauliza jambo moja tu.

"Koleta yuko wapi? Amekufa?"

"Afe wapi! Yuko nyumba ya nyuma. Mwanawe alituuzia huku mbele, barabarani, akamjengea mama kule migombani. Si ndiye aliyekuwa anawaita?"

Ndugu zangu.

Sikungoja fimbo yangu ya kutembelea. Jovina alihangaika na komeo, lilipofunguka tu mimi nikampita. Mlango wa nyuma unatazama migomba, na katikati ya migomba pana nyumba ndogo safi. Mlangoni pake, juu ya mkeka, amekaa Koleta, miguu ameinyoosha mbele. Kikombe cha bati mkononi. Alikuwa amekigonga ukutani mpaka kimebonyea. Mkwe wake yuko shambani, hakuna wa kumshika mkono. Alikuwa ametambaa kutoka kitandani mpaka hapo mlangoni peke yake.

Amekuwa mdogo. Koleta aliyekuwa anabeba mkungu kichwani na mtoto mgongoni, sasa ungemweka kwenye tenga.

Akaniangalia nikija. Akasema:

"Umemaliza kwa jirani?"

Nikasimama mbele ya mkeka wake.

"Nimekusikia tangu wimbo wa kwanza," akasema. "Sauti yako nitaijua hata kaburini, unatangulia wenzako kama mbuzi aliyekata kamba. Nikasema, Eudia amekuja! Nikangoja. Mara nasikia mnafagia kwa Zuwena. Mnapasua kuni kwa Zuwena. Nikasema, haya, leo Mungu amenipita mlangoni akaingia kwa jirani. Nikaita. Nikasikia mtu anasema fungeni mlango, kuna mtu hana adabu."

"Alisema Jovina," nikasema. (Uongo, tena Kwaresima! Jovina alikuwa amesimama nyuma yangu.)

"Nimekujua sauti, Eudia."

Nikakaa chini kwenye udongo, hata mkeka sikuutaka. Nikamshika. Mikono yake ni ileile, ule wa kulia una kovu la panga la kupunguzia migomba. Hapo nilipaswa kusema. Nilikuwa nimeyabeba maneno, mnakumbuka. Hayakuwepo. Nimeyamwaga yote kule mbele, mpaka punje za kahawa. Nikafungua mdomo, ukatoka upepo.

Koleta akangoja. "Kule ulikuwa unaongea sana," akasema. "Sikusikia yote, mapazia yanazuia. Ulimwambia nini Zuwena? Niambie na mimi."

Sikuweza. Niliona nikisema nitalia, na nikilia nitampotezea muda wake wa kuniona.

Basi Bi Zuwena akaja. Amejitwisha mkungu wa ndizi tuliompa, na furushi la maharage mkononi, na Deo nyuma yake anarudisha kuni. Penina akamwambia hapana mama, tulichotoa tumetoa. Akasema, "Chakula cha mgonjwa sikili mimi mwenye mafua." Akautua mkungu. Akafungua lile jani, akamwekea Koleta punje za kahawa zilizobaki kiganjani. Akakaa upande wake wa pili.

"Mwenzako ameishiwa," akamwambia. "Nitakwambia mimi, yangali moto. Alisema hivi." Na akamshika mikono Koleta kama nilivyomshika yeye. "Alisema, tangu uondoke hana wa kucheka naye kanisani. Akataja waliotangulia. Mmoja Adventina. Wa pili sikumbuki, na wa tatu..."

"Yustina na Paskazia," nikasema.

"Haya. Akasema waliomjua akiwa msichana wamekwisha, umebaki wewe. Ukienda na wewe, yeye atakuwa bibi tu. Hapatakuwa na mtu anayejua kwamba aliwahi kuruka mto, viatu mkononi. Hapo akalia. Nami nikalia, maana mimi waliojua usichana wangu wako Tanga, na sijui nani yuko hai."

Koleta alitafuna kahawa. Jicho moja linatoa maji, jingine kavu. Kisha akanigeukia.

"Mto hukuruka wewe. Ulianguka. Nilikuvuta mimi, na kiatu kimoja kikaenda na maji."

"Niliruka!"

"Ulianguka, Eudia. Ulisikiliza misa mguu mmoja."

Tukacheka. Jamani, tulicheka! Bi Zuwena alipiga mapaja, Penina akasimama na chupa yake ya mafuta hajui amchue nani. Akamchua Koleta, miguu ya pili leo. Jovina akafagia uwanja wa pili. Hakuna aliyelalamika. Tukasali tena, kwa ufupi. Bi Zuwena alikaa nasi kichwa ameinamisha mpaka tukamaliza, na mkono wake sikuugusa.

Kuondoka ndiko kulikuwa kugumu. Koleta hakuachia gauni langu. Deo akapiga honi. Akapiga tena. Nikamwambia Koleta nitarudi, akaniambia njoo, akanitajia na lini, na Deo akapiga honi ya tatu.

Sasa nimefika nyumbani, nimeloweka goti kwenye maji ya moto, nimekaa na simu. Najua mtacheka. Jovina tayari ananiita "hana adabu". Chekeni basi, lakini msimpelekee padre.

Na ninyi mliokuwepo, Penina, Jovina, Deo, kama nimekosea jina la mtu au mahali, nisahihisheni hapahapa. Kuhusu mto msinisahihishe, hamkuwa mmezaliwa. Ila moja nawaomba sana, aliyesikia aniambie. Majina yote ninayo, lakini pale mwisho nilikuwa nalia. Koleta alisema nirudi kabla ya Pasaka, au baada?