Kichwa Kipya cha Gitaa la Klabu

Jumatano, 1 Aprili 1959

Mfungo umeingia kumi la mwisho. Dansi limelala Kariakoo nzima. Klabu yetu, Nyota ya Mkunguni, imefungwa mpaka Iddi, na kila chombo kimepelekwa kwa mtu wa kukitunza. Gitaa la umeme nimepewa mimi, Leodegar. Mwenyekiti wetu, Mzee Bakili, anaamini kwamba mtu asiyefunga ana nguvu za kufukuza wezi. Sikubisha.

Mambo yalivyo: gitaa la umeme ni moja, wapigaji ni wawili. Nassibu hupiga solo kwenye hilo la umeme. Mimi hupiga ridhim kwenye gitaa kavu, nyuma kabisa, karibu na mlango wa choo.

Tatizo ni Hyasinta. Baada ya Misa ya Matawi nilimwambia mimi ndiye mpiga solo. Sijui kwa nini. Mdomo uliponyoka. Akasema atakuja dansi la Iddi na dada yake kunitazama. Basi nisiposhika gitaa la umeme siku hiyo, uchumba umekwisha kabla haujaanza.

Lakini njia ipo. Desturi ya klabu ni aliyekitengeneza chombo ndiye wa kwanza kukipiga siku dansi linapofunguliwa. Mwaka jana aliyewamba ngozi mpya kwenye dramu alifungua dansi ingawa hajui kupiga. Tuliteseka, lakini hakuna aliyemnyang'anya fimbo. Mwamba ngoma huvutia kwake! Basi nitalitengeneza gitaa. Halina ubovu. Nitautafuta.

Alhamisi, 2 Aprili

Ubovu umepatikana: kichwa. Pale juu zinapokazwa nyuzi. Kipana, bapa, kama mwiko wa kusongea ugali. Gazetini niliona picha ya bendi moja ya Leopoldville, na gitaa lao lina kichwa chembamba, kimejipinda kwa maringo. Letu ni la kishamba. Nashangaa tumevumilia muda wote huu.

Nimetoa nyuzi. Nimetoa vifunguo vya kuzikazia. Nimechora umbo jipya kwa mkaa. Nikaenda kwa seremala wa jirani kuazima msumeno, akasema yeye haazimi msumeno wala mke. Roho mbaya!

Narudi, naikuta mbuzi ya kukunia nazi ya Bi Zamzam uani. Bi Zamzam ndiye mwenye nyumba, na saa hizo saumu huwa imemlaza. Nikafikiri. Mbuzi ina meno. Nazi ni ngumu, mti ni mgumu. Tofauti iko wapi? Nikaikalia, nikakuna kichwa cha gitaa. Salaale, kazi ilivyokwenda! Chenga nyekundu za rangi zikaanguka kwenye sinia. Nikapangusa meno kwa shati langu, nikairudisha mahali pake. Hakuna aliyeona.

Ijumaa, 3 Aprili

Balaa. Tui la Bi Zamzam limetoka rangi ya waridi. Na leo alikuwa na wageni wa futari! Shoga yake mmoja akaanza kusoma dua. Tui likamwagwa lote, magimbi yakaliwa makavu.

Nilitoa maoni kwamba labda ni nazi za Mafia, huenda zina tabia hiyo.  Bi Zamzam akasema amekuna nazi tangu hajavunja ungo, na hajaona nazi inayojipaka rangi. Akaongeza kwamba mbuzi yake ikiguswa tena, atakayekunwa ni mimi. Mwezi mtukufu, na maneno kama hayo!

Nimenunua tupa na msasa.

Jumamosi, 4 Aprili

Nimepiga tupa tangu nilipotoka kazini stesheni. Upande wa kulia umejipinda vizuri mno. Wa kushoto ukaonekana mnene. Nikapunguza wa kushoto. Wa kulia sasa ukaonekana mnene. Nikapunguza wa kulia. Hivyo hivyo mpaka jua likazama.

Kichwa kimekuwa kidogo. Si kidogo sana. Kama kipande cha muhogo alichobakisha mtu aliyeshiba. Shida ni moja tu: tundu moja la kifunguo limeliwa na tupa, halipo tena. Na matundu mengine yamesogea ukingoni, mti umebaki mwembamba. Nimejaza gundi na unga wa mbao.

Gitaa litakuwa na nyuzi tano. Nilihuzunika kidogo. Halafu nikautazama mkono wangu. Vidole vingapi? Vitano! Uzi wa sita ulikuwa ni anasa ya Wazungu tu.

Jumapili, 5 Aprili

Nassibu kapiga hodi jioni baada ya kufuturu. Kaja na kaimati kwenye bakuli, eti mke wake kanikumbuka. Kaomba aliguse gitaa kidogo, vidole vinamwasha.

Nikasimama mlangoni. Nikamwambia gitaa nalo limefunga.

Akacheka sana. Akasema basi na alifuturishe siku ya Iddi, akaniacha na bakuli. Mjanja huyu! Mtu haleti kaimati bure. Alikuwa anapeleleza. Nimezila zote ili asipate ushahidi.

Jumanne, 7 Aprili

Vanishi. Niliipaka jana mara tatu kwa brashi ya kunyolea. Kichwa kiling'aa, nikauona uso wangu ndani yake, nikapendeza.

Leo bado mbichi. Ni masika, mvua haikatiki, chumba kinatoa jasho. Nimekigusa, kidole kimenasa. Nimekipepea kwa kawa. Nimekiweka juu ya jiko la mkaa, vanishi ikaanza kutoa malengelenge na harufu mbaya, nikakiondoa mbio. Mzee Bakili kapita kibarazani, kauliza gitaa li hali gani. Nikamwamkia, nikasema linafanyiwa ukarabati mkubwa, na nikamkumbusha desturi. Akafurahi. Akanishika bega, akasema vijana wa siku hizi hawana moyo wa kujitolea kama mimi. Akaahidi kwamba siku ya Iddi atanitangaza yeye mwenyewe.

Nimefika! Hyasinta, vaa viatu vizuri.

Jumatano, 8 Aprili

Jua limetoka asubuhi! Nikalianika gitaa uani kwenye kamba, nikaenda kazini naimba.

Nilisahau kwamba hawa watu Iddi haiwaingilii mpaka nyumba imegeuzwa juu chini. Mapazia yanafuliwa, kuta zinapakwa chokaa. Na magodoro, Mungu wangu, magodoro hufumuliwa! Bi Zamzam na wanawake wa nyumba nzima walitoa sufi yote, wakaimwaga uani, wakaichapa kwa fimbo kutwa nzima ili ifure upya. Sufi ikaruka kama moshi. Na vanishi yangu mbichi ikawa inaisubiri.

Nilipofika nilidhani mtu ametundika kifaranga. Kichwa chote manyoya! Meupe, marefu, yamegandia humo humo. Nilivuta, hayatoki. Nilipiga msasa, msasa ukanasa. Nikamwendea Bi Zamzam kwa ukali. Akasema hakujua kwamba kwenye kamba ya nguo siku hizi wanaanikwa pia wapiga muziki. Wenzake wakacheka mpaka wengine wakakaa chini, na midomo yao mikavu ya saumu.

Niliingia chumbani, nikafunga mlango. Nililia. Nimeliandika, basi.

Alhamisi, 9 Aprili

Nimeamka na akili mpya. Kwa nini tunapigana na sufi? Nimechukua dawa nyeusi ya viatu, nimepaka manyoya yote. Yakalala. Nikayachana kwa kitana changu. Nikayapasua njia upande wa kushoto, kama wafanyavyo vijana maridadi wa mjini. Yesu na Maria! Gitaa lina nywele!

Leopoldville hawana. Nairobi hawana. Hata Ulaya sidhani.

Nimefunga nyuzi zote tano. Nilipokaza, mti ulilia kidogo. Nikaacha kukaza. Jioni mwezi umeandama, mitaa yote imepiga kelele, Bi Zamzam kanisamehe kwa nguvu ya sikukuu. Nimelifunika gitaa kwa shuka. Kesho dansi la alasiri.

Ijumaa, 10 Aprili. Iddi

Ukumbi ulijaa mpaka madirishani. Hyasinta mbele, gauni la njano, na dada yake. Shati langu jeupe. Mzee Bakili katika kanzu mpya akapanda jukwaani, akasema kwamba wapo wanaopenda klabu kwa mdomo na wapo wanaoipenda kwa mikono. Akanitaja jina. Watu wakapiga makofi. Hyasinta akapiga makofi. Nassibu akapiga makofi kuliko wote, mnafiki mkubwa.

Nikafunua shuka.

 Mtu mmoja nyuma akauliza hicho kichwa ni cha nani na mwili wake uko wapi.

Sikujali. Gitaa halikuwa limekazwa vizuri, nikageuza kifunguo. Mara ya kwanza, sawa. Mara ya pili, ta! Kifunguo kikaruka, kikampiga Mzee Bakili kwenye kofia. Na cha pili kikafuata. Nikaona dawa ni kupiga kwa nguvu ili watu wasahau. Nikapiga. Kipaza sauti kikatoa mlio wa paka aliyekanyagwa mkia, mti ukapasuka pale kwenye gundi, na kichwa chote kikang'oka. Kikadunda jukwaani. Kikaviringika mbele ya watu wote, cheusi, chenye manyoya, mpaka miguuni pa Hyasinta.

Hyasinta akapiga yowe: panya! Akavua kiatu. Alikipiga kichwa cha gitaa mpaka kikatulia.

Dawa ya viatu ilikuwa imeyeyuka kwa joto. Shati langu lilikuwa na michirizi mpaka kiunoni. Nassibu aliokota gitaa langu kavu kule nyuma, akaanza kupiga bila umeme, bila kipaza sauti, taratibu. Ukumbi ukamsikiliza, kisha ukacheza. Mimi nilikaa nje na shingo ya gitaa mapajani.

Jumapili, 12 Aprili

Kikao cha klabu leo mchana. Wengi walitaka nifukuzwe. Mmoja alitaka nipelekwe polisi, eti kwa mauaji. Nikainama.

Akasimama Nassibu. Akasema gitaa ni mti, kichwa kitachongwa kingine, lakini mkono wa ridhim kama wangu hauchongwi. Akasema yeye husikika vizuri kwa sababu mimi nipo nyuma yake. Akaomba nibaki. Wazee wakanong'onezana, wakakubali: nibaki, ila nisiguse chochote chenye nyuzi. Mzee Bakili akaenda kwake, akarudi na manyanga mawili ya kutikisa. Ya marehemu kaka yake, aliyeianzisha klabu. Hayajawahi kushikwa na mwingine tangu azikwe. Akanikabidhi kwa mikono miwili. Macho yake yalikuwa na machozi.

Jioni Hyasinta kaja na dada yake. Nikatayarisha maelezo marefu. Akanikatiza. Akasema alijua tangu siku ile ya Matawi kwamba sipigi solo, kwani dada yake hachezi dansi kwingine ila kwetu. Alitaka tu kuniona ninavyofumba macho nikipiga ridhim. Solo, akasema, ni ya ukumbi mzima, ridhim ni yake.

Nimewatafakari wote wawili tangu walipoondoka. Hyasinta, maskini, ananifariji. Haya imemzuia kusema kwamba anapenda solo. Na Nassibu! Mtu kanitetea mbele ya kikao kizima bila kuombwa. Kwa nini? Ameogopa. Amejua kwamba chombo chochote nitakachopewa nitamfunika nacho, basi anajipendekeza mapema.

Nimeyatikisa kidogo chumbani. Mlio wake hafifu, wa kizamani. Ndani ni mtama tu, bila shaka umeshaliwa na wadudu. Yakitiwa vipande vya misumari na kubandikwa upya, sauti itafika Ilala, na Mzee Bakili atanishukuru kwa ajili ya marehemu.

Nimeshalipasua moja. Mtama umemwagika chini ya kitanda, nitauzoa kesho.